Kompyuta Haikurogwa

Liko neno moja ambalo katika nyumba nyingi za Nakuru limekuwa jibu la kila swali lihusulo kompyuta, nalo ni neno virusi. Kompyuta ikiwa nzito, ni virusi. Ikizimika ghafla, ni virusi. Saa yake ikirudi nyuma miaka kumi, ni virusi. Printa ikikataa kuchapa kwa kuwa imeishiwa na wino, vile vile ni virusi. Babu zetu walipokosa sababu ya ugonjwa walisema mtu amerogwa, wakamtafuta mganga. Sisi wenye vyeti na sare za shule tumebadili jina la mchawi tu. Mganga wetu wa leo ameketi katika kibanda cha vioo mjini, ana bisibisi na flashi mkononi, na dawa yake ni moja kwa maradhi yote: hufuta kila kitu na kuanza upya. Dawa hiyo huitwa fomati.

Nakuandikia, kijana msomaji, kukuomba uiache desturi hii mapema, kabla haijaota mizizi kwako. Kompyuta ni chombo kilichotengenezwa na watu, na kila jambo linalotukia ndani yake lina sababu iwezayo kutafutwa, ingawa si kila sababu hupatikana kwa siku moja. Asemaye virusi bila kutazama hajaeleza lolote. Amekiri tu kwamba hataki kutazama. Na aifutaye kompyuta nzima ili kuondoa kasoro ndogo amefanana na mtu aliyeona panya jikoni akaitia moto nyumba.

Usidhani kwamba nawachukia mafundi. Wako mafundi hodari katika mji huu, wajuao kuiuguza kompyuta kwa subira, nao hufurahi wampatapo mteja awezaye kueleza dalili. Ugomvi wangu ni na mwenye kompyuta, ambaye hukipeleka chombo chake bila neno ila hili: "Imeharibika, itazame." Fundi aliyepewa neno hilo, huku wateja sita wakimngoja, atafanya nini? Atafuata njia iliyo fupi kwake, na njia fupi ni ile isiyomlazimu kuujua ugonjwa.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, kutoka upande wa Bahati, alikuwa na kompyuta ya nyumbani iliyochukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kuwa tayari kwa kazi. Ndani yake mlikuwa na mradi wake wa somo la Kompyuta, hesabu za maziwa za mama yake za miaka mitatu, na picha za nyanya yake ambaye alikwisha fariki. Kaka yake aliibeba mpaka mjini siku ya Jumamosi. Jioni ilirudi nyepesi kama swala, na tupu kama nyumba iliyohamwa. Mradi aliuandika tena kwa majuma matatu ya kukesha. Hesabu za mama zilikusanywa nusu nusu kutoka vijitabu vilivyobaki kabatini. Picha za nyanya hazikupatikana.

Na ajabu ya mambo ni kwamba baada ya miezi miwili uzito ule ule ulirudi. Walipotazama safari hii, walikuta programu zaidi ya ishirini zilizokuwa zikijiamsha zenyewe kila kompyuta ilipowashwa: ya muziki, ya mchezo, ya kupigia simu, ya printa iliyokwisha uzwa zamani. Zote zilitaka kuamka kwa wakati mmoja na kunywa katika kikombe kimoja kidogo cha kumbukumbu. Dawa yake ilikuwa kubonyeza vitufe vitatu pamoja, Ctrl, Shift na Esc, kuifungua orodha ya programu zinazojiamsha, na kuzizuia zile zisizohitajiwa. Hakuna kinachofutwa kwa kufanya hivyo, na kazi nzima haizidi robo saa. Kwa robo saa ambayo hakuna aliyeitoa, picha za marehemu zilipotea.

Mwanzo wa kutazama ni swali moja: ni jambo gani lililobadilika kabla ya shida kuanza? Aghalabu mtu huapa kwamba hakuna lililobadilika, kisha ukimhoji kidogo hukumbuka kwamba jana aliweka programu mpya, au alihamisha meza, au umeme ulikatika. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mashine kubwa ya hesabu iliyoitwa Mark II ilikosea. Waliokuwa wakiihudumia waliifungua, wakakuta nondo amenaswa katika swichi moja, wakamtoa, wakambandika katika daftari la kumbukumbu la mashine na kuandika saa na mahali alipopatikana. Watu wengi huisimulia hadithi hiyo kwa ajili ya nondo. Mimi hunifurahisha daftari. Weka daftari kando ya kompyuta ya nyumbani kwenu, uandike tarehe, kilichowekwa, kilichoondolewa, na maneno kamili ya kila onyo litokealo kwenye skrini. Onyo lisomwe lote na kunakiliwa, wala lisifungwe kwa hasira kama mlango wa mdai.

Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake umo udanganyifu wote wa neno virusi. Katika kompyuta ya mezani, juu ya ubao mkuu, pana betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa ya kompyuta wakati umeme umezimwa. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo hufa. Hapo kila uwashapo kompyuta, saa hurudi katika tarehe ya zamani, labda mwaka 2015. Sasa fungua intaneti. Kila tovuti yenye ulinzi huja na hati ya utambulisho, na hati hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta iaminiyo kwamba huu ni mwaka 2015 huitazama hati iliyotolewa juzi, ikaona kwamba haijaanza kutumika, ikaikataa na kukuonya kwamba tovuti si salama. Mwenye kompyuta husema intaneti imeharibika. Hununua data nyingine, hugombana na kampuni ya simu, na mwisho huipeleka kompyuta ikafutwe. Ikirudi, bado inadhani ni mwaka 2015, kwa maana kufuta diski hakuwezi kuifufua betri. Na betri yenyewe hununuliwa kwa fedha isiyofikia nauli ya kutoka Nakuru kwenda Naivasha. Aliyetazama saa iliyo pembeni mwa skrini alikuwa na jibu tangu dakika ya kwanza.

Sasa njoo kwenye vumbi. Husemwa kwamba jina Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na yeyote aliyekaa hapa Januari na Februari, upepo unapovuma katika mitaa isiyo na lami, hatalipinga. Bonde letu limejaa majivu ya volkeno. Ni udongo mwepesi, huingia katika chai seuze katika kompyuta. Feni huvuta hewa, na pamoja na hewa huvuta vumbi, ambalo hujilundika kama blanketi juu ya vyuma vilivyowekwa kuondoa joto. Kichakataji kipatapo joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake chenyewe ili kisiungue, na joto likizidi zaidi kompyuta hujizima. Mwendo mzito na kuzimika ghafla: ndizo dalili mbili zinazoitwa virusi kuliko zote. Wala huhitaji chuo ili kuitibu. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa betri kama hutoka, toka nje ya nyumba, ondoa kifuniko, pangusa kwa brashi laini iliyo kavu, na uizuie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Kwa kompyuta ya mapajani, jambo la kwanza ni kuacha kuitumia juu ya blanketi au kochi, kwa maana matundu yake ya hewa yako chini. Liko sanduku moja tu ambalo hutalifungua kamwe, nalo ni lile la chuma ambamo waya wa umeme huingia. Ndani yake umeme hukaa hata baada ya waya kuchomolewa, nao waweza kuua.

Karibu na Gilgil, mahali paitwapo Kariandusi, Louis Leakey na wenzake walichimbua katika miaka ya mwisho ya 1920 mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Naona haya kidogo nikumbukapo ya kuwa mtu yule, asiyejua kusoma, alikijua chombo chake na alijua namna ya kukitia makali tena kilipobutuka.

Umeme nao una hesabu yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima, na katika nyumba zetu umeme hukatika mara nyingi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kukatika kunaweza kuikatiza diski katikati ya kuandika, na kurudi kwa umeme kwa kishindo kunaweza kuunguza. Wakati wa mvua za Aprili, ngurumo zishukapo kutoka Mau, chomoa kompyuta ukutani. Kizima umeme kilicho ukutani hakikingi radi.

Diski yenyewe ndiyo yenye thamani kuliko vyote, kwa kuwa kompyuta hununuliwa tena, na yaliyomo hayanunuliwi. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sindano inayoelea juu yake bila kuigusa. Ukisikia mlio wa tiki, tiki, tiki usiokuwapo jana, acha kila kitu. Usiipige, usiitikise, wala usianze kuendesha programu za kuitengeneza, kwa maana kazi hiyo nzito yaweza kuimaliza diski iliyo mahututi. Nakili kwanza yaliyo ya thamani, utengeneze baadaye. Na kabla hujasikia mlio wowote, shika kanuni ambayo wenye ujuzi huifuata: kila faili muhimu iwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Nakala ya mradi wako iliyo ndani ya flashi, na flashi yenyewe imo ndani ya mkoba mmoja na kompyuta, si nakala; mwizi wa matatu atachukua vyote pamoja.

Haya, wala sisemi kwamba virusi havipo. Vipo, na ni vya hatari, na kwa ajili hiyo jina lao halifai kutupwatupwa ovyo. Tarehe 12 Mei 2017 programu ovu iliyoitwa WannaCry ilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikizifunga faili na kudai fidia; hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Sasa sikiliza: Microsoft ilikuwa imetoa sahihisho la kuuziba mlango ule tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Sehemu kubwa ya walioumia walikuwa wameliahirisha. Nasi kila siku tunabonyeza "baadaye" masahihisho ya Windows yajapo, tukidai kwamba yanakula data. Kweli yanakula data. Video za vichekesho zinakula zaidi.

Wako wengine waliopita upande wa pili wa woga. Huyu ameweka walinzi watatu wa kuzuia virusi katika kompyuta moja, asijue kwamba Windows ya leo huja na mlinzi wake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na watatu ndio kabisa: kila mmoja humchunguza mwenzake, na kompyuta hulemewa na ulinzi kuliko ambavyo ingelemewa na mwizi. Yule amepakua programu ya bure inayoahidi kuisafisha kompyuta na kuiongezea mwendo maradufu. Hiyo ni dawa ya mnadani, iponyayo meno, tumbo na mapenzi. Na huyu wa mwisho, ambaye ndiye anikasirishaye zaidi, ametumia programu ya wizi ili Windows ifanye kazi bila kulipiwa. Na mwongozo wa programu hiyo ulimwambia kwanza amzime mlinzi, naye akamzima. Mtu akikuambia umfunge mbwa wako kabla hajaingia usiku, utamwamini kwamba amekuja kwa heri?

Yako pia mashauri ya kusikitisha yahusuyo Windows 10. Toleo hilo, lililotoka mwaka 2015, liliacha kupewa masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha, ya usalama yaliongezwa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 hudai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, navyo kompyuta nyingi zilizotumika Ulaya na kuuzwa kwetu hazina. Wauzaji wanasema: tupa, nunua mpya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme. Usiongeze ya kwako kabla ya kufikiri. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 yaweza kupewa Linux, ambayo ni ya bure na ya halali, nayo ikaandika insha, ikafanya hesabu na kufungua intaneti kwa miaka mingine. Tena yaweza kuongezewa kumbukumbu, au ikabadilishiwa diski ya sahani kwa diski isiyo na kitu kinachozunguka. Badiliko hilo moja huifanya kompyuta kuukuu ionekane imezaliwa upya.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba hii ni kazi ya wataalamu. Mkulima wa Njoro hamwiti mhandisi kila mnyororo wa baiskeli unapotoka, wala mama haiti kampuni ya gesi kila moto wa jiko unapogeuka rangi. Nao hawajioni kuwa wataalamu. Nitaambiwa kwamba bisibisi ni ya wavulana. Kwa hilo nasema tu kwamba miongoni mwa waliofanya kazi na mashine ile ya Harvard yenye nondo alikuwamo mwanamke, Grace Hopper, na asiyemjua na amtafute. Nitaambiwa, na hili ndilo linalonichoma, kwamba kompyuta itaharibika vijana wakiigusa. Msemo huu hutoka katika vinywa vya sisi walimu. Ndio uliojaza vyumba vya shule kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya maua, mlango una kufuli, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda semina. Kompyuta zile hazikuharibiwa na mwanafunzi yeyote. Zimezeeka kwa kuhifadhiwa, kama mahari iliyowekwa sandukuni mpaka nondo wakaila.

Sikuambii kwamba kila kasoro utaiweza. Skrini iliyopasuka, ubao mkuu ulioungua, diski iliyokufa: hayo ni ya fundi. Lakini kabla ya kwenda kwake iko ngazi ya kupanda. Zima na uwashe tena. Sukuma kila waya, uhakikishe umeingia. Ondoa ulichokiweka mwisho. Tazama kama diski imejaa, maana Windows isiyo na nafasi ya kupumua hulala njiani. Iwashe katika hali ya usalama, ambayo huamsha yaliyo ya lazima tu. Ikifanya kazi vizuri hapo, basi kosa liko katika kitu kilichoongezwa. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika sfc /scannow, uiache Windows ijikague na kujirekebisha faili zake. Kama hifadhi ya kurudisha hali ya nyuma ilikuwa imewashwa, irudishe kompyuta katika siku iliyokuwa nzima. Na hata ikibidi kuiweka Windows upya, ndani yake mna njia ya kufanya hivyo huku faili zako zikibaki. Programu ulizoziongeza ndizo zitakazoondoka. Fomati imekaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi hii, na watu huirukia wakiwa bado chini.

Ikikushinda, nenda kwa fundi, lakini nenda na daftari lako. Mwambie dalili, tangu lini, na uliyokwisha jaribu. Nakala za faili zako ziache nyumbani. Mambo ya siri ya familia yaondoe kwanza, kwa maana sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 yakupa haki, lakini haki haikai kibandani kumchunga mkono mtu. Mwambie kwa maneno wazi asifute chochote bila kukupigia simu, na umwombe akuandikie alichobadilisha. Na kompyuta ikirudi mezani, kabla hujatoa pesa mfukoni, iwashe mbele yake, utazame saa, kisha ufungue faili tatu za zamani.